Mfagia Ngazi wa Nyumba Namba Moja

Mfagia ngazi ndiye mwenye nyumba.

Shomvi na mkewe Tausi waliisikia methali hiyo kwa mara ya kwanza katika mkutano wa wenye nyumba, Jumapili moja asubuhi, hata mwezi haujatimia tangu wanunue nyumba namba tatu katika jengo lile la Upanga. Zamu za usafi zilisomwa. Shomvi aliposikia jina lake aliinuka akasema kwamba yeye ana hati ya nyumba mkononi, na hakununua nyumba ili aje kufagia ngazi. Hakuna aliyemkasirikia. Watu walicheka kidogo, kisha wakasema karibu kwa pamoja, kama wanaoitikia salamu: "Mfagia ngazi ndiye mwenye nyumba." Mkutano ukaendelea na mambo mengine.

Watu walipotawanyika, wawili hao walimfuata Mzee Pazi wa namba nne, ambaye amekaa katika jengo lile muda mrefu kuliko wote waliobaki, wakamwuliza maneno hayo yametoka wapi. Kwao Bagamoyo hawakuwahi kuyasikia, na shuleni hawakufundishwa. Mzee Pazi alikuwa akipanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine. Akavishusha vitatu.

"Kaeni," akasema. "Methali hii si ya mababu. Imezaliwa humu humu ndani, na mimi nilikuwapo ilipozaliwa. Mengine niliyaona, mengine nilisimuliwa na mwenyewe aliyefikwa nayo. Mwanzo wake ni huu."

Alikuwapo mtu akiitwa Elifadhili Mkwizu, Mpare wa Usangi, aliyekuwa mkuu wa stesheni kwenye reli ya kati kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi hiyo ilimfanya mtu wa masanduku. Kila baada ya miaka miwili au mitatu ilikuja barua: ondoka Itigi, nenda Malongwe, ondoka Malongwe, nenda Kaliua. Nyumba zote walizokaa zilikuwa za reli, zimepakwa rangi ileile, na kila waliyoingia ilikuwa na misumari ya wengine ukutani. Mkewe, Nambua, alijifunza kutopanda kitu kinachozidi msimu mmoja. Mchicha alipanda. Mpapai aliupanda mara moja tu, kule Kaliua, wakauacha ukitoa maua.

Alipostaafu, Elifadhili alichukua kiinua mgongo chake akanunua nyumba namba sita humu, ghorofa ya pili. Ilikuwa nyumba ya kwanza maishani mwake ambayo hakuna barua ingeweza kumtoa. Siku aliyokabidhiwa hati aliisoma mara tatu ndani ya teksi, na alipofika aliwaambia watu wote aliokutana nao mlangoni, "Mimi ni mwenye nyumba namba sita." Walimpa hongera. Akapanda ngazi kifua mbele.

Ungedhani mtu kama huyo angetua. Hakutua. Asubuhi alivaa viatu kabla ya chai, akatoka chumbani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni, akarudi. Alikaa kitini kama mtu anayesubiri kuitwa. Gari likipiga breki barabarani, alichungulia. Mtu akipita kwenye ngazi, alisikiliza nyayo mpaka ziishe. Nambua alipotaka kutundika mapazia, mume alimwambia angoje kwanza, tuone. Masanduku yao ya chuma yalibaki sebuleni, matatu, yamefungwa na kamba zake, na wageni walikalia hayo.

"Tuone nini, Baba Nakunda?" mkewe alimwuliza. Walikuwa na binti mmoja, Nakunda, aliyeolewa Tanga, na kwa jina lake ndivyo walivyoitana.

"Tuone panakalika vipi."

Siku ya pili tu baada ya kuhamia, Elifadhili alikutana kwenye ngazi na bibi mmoja mwembamba, kajifunga kanga kiunoni, anafagia kwa ufagio wa chelewa. Akadhani ni mtumishi wa jengo. Alikuwa na mfuko wa taka mkononi, akampa. "Mama, ukishuka nitupie na huu." Bibi aliutazama mfuko, akamtazama na yeye, akaupokea akashuka nao.

Jioni Nambua akaja na habari. Yule bibi hakuwa mtumishi wa mtu. Alikuwa Bi Siwema, mjane kutoka Kilwa, anakaa peke yake namba moja, chini kabisa. Wala hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mpangaji tu, na mwenye nyumba yake alikuwa anaishi Oman. Alifagia ngazi kila alfajiri kuanzia chini mpaka juu, na hakuna aliyemwomba.

"Nenda kamtake radhi," Nambua akasema.

"Angesema," Elifadhili akajibu. "Ana mdomo."

Hakwenda. Nambua ndiye aliyekwenda, akarudi amechelewa kwa sababu walikaa wakizungumza. Tangu hapo Elifadhili alipokutana na Bi Siwema alisema shikamoo haraka haraka, kama mtu anayewahi treni, akapita. Bi Siwema aliitikia marahaba, akasogeza ufagio asije akamchafua viatu.

Kisha ikaja habari ya kinu. Juu ya kichwa cha Elifadhili, namba nane, alikaa Mama Bupe, mama wa Kinyakyusa mwenye mwili na sauti, naye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wenye nyumba. Kila Jumamosi na Jumatano Mama Bupe alitwanga karanga. Elifadhili alivumilia wiki tatu. Ya nne alipanda ngazi na hati yake mkononi, akagonga.

"Mwenyekiti, mimi ni mmiliki," akasema, akimwonyesha karatasi. "Si mpangaji. Nina haki ya utulivu."

Mama Bupe akajifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na karatasi kama ile ile. "Na mimi ni mmiliki," akasema. "Nina haki ya karanga. Sasa, baba, tuzipiganishe hati zetu hapa mlangoni, au uingie unywe chai?"

Elifadhili hakuingia. Alirudi chini akaandika barua kwa mwenyekiti, yaani kwa Mama Bupe yuleyule, akilalamikia kinu cha namba nane. Barua hiyo ilifuatwa na nyingine: nguo za mtu zinazodondosha maji, pikipiki inayoegeshwa mlangoni, taa ya korido iliyoungua. Alijua kuandika barua za kazi, na zote zilianza, "Kama mmiliki halali." Taa ya korido alikuwa anaifikia kwa kusimama kwenye kiti. Hakuibadilisha. Alisema si yake.

Na kila Jumamosi, kukimbia kile kinu, alitoka kwenda kutazama nyumba nyingine. Alimpata dalali mmoja, Chande, kijana wa maneno mengi asiyechoka. Chande alimpeleka Mbezi Juu: nzuri, lakini mbali. Alimpeleka Kigamboni: ina upepo, lakini chumvi inakula mabati. Alimpeleka Tabata: imekamilika, lakini jirani ana mbwa. Elifadhili alirudi jioni na vumbi kwenye viatu, akamsimulia mkewe kasoro za kila mahali, moja moja.

"Unatafuta nyumba isiyo na watu," Nambua alimwambia siku moja. "Hiyo iko makaburini, na hata huko wanapangana."

Lakini Jumamosi iliyofuata alitoka tena.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Hatimaye akakata shauri: atauza kwanza, kisha ndipo atanunua, maana mtu akishatoka atalazimika kufika. Chande akampata mnunuzi, na ahadi ikawekwa kwamba atakuja kuiona nyumba Jumamosi, mwisho wa mwezi wa nne. Nambua alipoambiwa hakugomba. Alikaa juu ya sanduku, akakunja mikono, akasema neno moja tu: "Sawa." Elifadhili alisema baadaye kwamba heri angempigia kelele.

Mwezi huohuo, kabla ya siku ya mnunuzi, Bi Siwema aliugua goti. Lilivimba likawa kama fenesi, akashindwa kusimama. Nambua alimpelekea uji asubuhi na chakula mchana na jioni. Wengine hawakujua, walichojua ni kwamba ngazi zimekuwa chafu. Siku ya tano mchanga ulilia chini ya viatu. Siku ya kumi kulikuwa na maganda ya machungwa na mifuko ya barafu kwenye kila kona. Watu walisimama kwenye ngazi wakilaumu, wakiruka taka hizohizo wanazozilaumia. Elifadhili akaandika barua: "Kama mmiliki halali, nashangazwa na hali ya usafi." Mama Bupe akaisoma mlangoni kwake, akaiweka pamoja na zile nyingine.

Siku zikafika ishirini.

Siku ya Alhamisi, mchana wa saa nane, masika ikafungua. Mnajua mvua ya Dar es Salaam inapoamua, haikunyesha, ilimwagwa. Elifadhili alikuwa dirishani akiitazama barabara ikigeuka mto, mara akahisi baridi kwenye unyayo. Akatazama chini. Maji yalikuwa yanaingia kwa chini ya mlango. Akafungua, na ngazi ilikuwa maporomoko. Maji yalishuka kutoka juu, meusi, yamebeba majani na vijiti na taka zote za siku ishirini, yanaruka kutoka kidato hadi kidato.

"Mama Nakunda, lete ufagio!" akapiga kelele. "Masanduku! Inua masanduku!"

Lakini Nambua alikuwa ameshatoka, zamani. Alikuwa ameshuka na bakuli la mgonjwa tangu mvua inaanza.

Elifadhili akachukua ufagio mwenyewe, akaanza kuyasukuma maji yatoke nje ya kizingiti chake. Alisukuma kwa bidii, kwa hasira, kama mtu anayefukuza mwizi. Na akasikia kwamba hayuko peke yake. Juu yake Mama Bupe alikuwa anasukuma. Mbele yake namba tano walikuwa wanasukuma. Chini, ghorofa ya kwanza, mifagio ilikuwa inakwenda shaa, shaa, shaa. Kila mwenye nyumba alisimama kwenye mlango wake, akiyatoa maji nyumbani mwake na kuyapa ngazi, na ngazi ikayapeleka chini.

Aliniambia kwamba ilimchukua muda kulifikiri hilo neno. Chini. Barabara ya mbele ilikuwa imeinuliwa mara mbili tangu jengo lijengwe, na nyumba namba moja ilibaki imezama. Uliingia kwake kwa kushuka vidato viwili. Maji yote ya jengo zima yalikuwa na mlango mmoja wa kuishia. Na nyuma ya mlango huo alikuwako mtu asiyeweza kusimama, na Nambua.

Ufagio ukamtoka mkononi. Alishuka akijishikilia kwenye ukuta, vidato vinateleza kama bamia. Alipofika chini alikuta mlango wa namba moja uko wazi, na maji ndani yamefika juu ya magoti. Nambua alikuwa ng'ambo ya chumba, kamkumbatia Bi Siwema kitandani, godoro linaanza kuelea. Alikuwa anajiandaa kumvuta washuke.

Elifadhili akaona kitu kingine. Friji ya Bi Siwema ilikuwa imezungukwa na maji, inavuma, na waya wake umepita ukutani hadi kwenye kiunganishi cha umeme kilichoning'inia kwenye msumari, upana wa kiganja kimoja tu juu ya maji.

"Nambua!" Hakumwita Mama Nakunda. "Usikanyage chini! Usishuke kitandani, hata kidole!"

Sauti ile ilikuwa ya stesheni, ya mtu anayesimamisha treni. Nambua akaganda. Elifadhili akageuka, akapapasa ukutani kwenye korido, gizani kwa sababu ya taa ile iliyoungua, mpaka akalipata boksi la umeme. Swichi ilikuwa na kutu. Aliivuta kwa mikono miwili mpaka ikalia ta. Friji ikanyamaza. Hapo ndipo alipoingia.

Akamgeuzia Bi Siwema mgongo, Nambua akampandisha. Bibi alikuwa mwepesi kama mzigo wa kuni kavu, na alikuwa anatetemeka. Wakaanza kupanda. Walipofika ghorofa ya kwanza, mtu mmoja aliyesimama mlangoni kwake, ambaye hakutazama, alisukuma wimbi zima la maji kwa ufagio, likampiga Elifadhili kifuani, akayumba, kidogo waanguke wote watatu.

"Acheni kufagia!" Elifadhili alipiga kelele ambayo hakujua anayo. "Acheni! Mnamwua mtu huku chini! Acheni!"

Mifagio ikasimama, mmoja baada ya mwingine, ghorofa hadi ghorofa. Ikabaki sauti ya maji tu.

Hapo mgongoni, karibu na sikio lake, Bi Siwema akasema polepole, "Baba, kosa si lao. Ni ule mdomo wa bomba, kule juu ya paa. Majani ya mwarobaini huuziba. Huwa nayatoa."

"Wewe hupanda mpaka juu ya paa, bibi?"

"Kila siku. Nikimaliza ngazi."

"Nani alikutuma?"

"Nani anitume?" Alishangaa swali. "Si nakaa hapa."

Elifadhili akaendelea kupanda. Akamfikisha namba sita, akamketisha juu ya sanduku, maana sebuleni hapakuwa na pengine pakavu, akampa mkewe kanga zote zilizokuwa karibu, akapanda paani. Mlango wa paa ulikuwa umefunguliwa na uzito wa maji. Paa lile la zege, lenye ukingo pande zote, lilikuwa limekuwa bwawa. Akapita ndani yake, mvua inampiga machoni, akipapasa kwa miguu kando ya ukingo mpaka akaukuta mdomo wa bomba. Akapiga magoti. Akazamisha mkono hadi begani. Akatoa majani, mfuko, majani, kandambili ya mtoto, majani tena, yameshikana kama mkeka. Kisha kitu kikaachia kule ndani, bomba likakoroma, na akahisi maji yanauvuta mkono wake kuelekea chini.

Alibaki pale amepiga magoti mpaka paa likaonekana zege yake. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Alisema hakuwa anaomba Mungu wala hakuwa analia. Alikuwa anasikiliza maji yakishuka kunakotakiwa.

Jioni ile, Bi Siwema amelala kitandani kwao, mume na mke walikaa sebuleni juu ya masanduku, miguu wameipandisha. Nambua ndiye aliyeanza.

"Baba Nakunda, Kaliua ilikuwa yetu?"

"Ilikuwa ya reli. Unajua."

"Na Itigi?"

"Ya reli."

"Jukwaa la Itigi lilikuwa likifagiliwa na nani kabla ya treni ya asubuhi?"

Aliyelifagia alikuwa Elifadhili mwenyewe. Alikuwa na wafanyakazi wawili chini yake na alilifagia mwenyewe, kwa sababu hakupenda abiria wake washukie kwenye uchafu. Mvua zilipokuja alitembea kwenye reli kwa mguu kuangalia makalavati, yale mapito ya maji chini ya reli, kama yameziba. Hakuna kipande cha udongo huko kilichokuwa chake.

"Kule hatukuwa na hata tofali," Nambua akasema, "na ulikaa kama mwenyewe. Hapa una hati, na unakaa kama abiria. Mimi nimechoka, mume wangu. Sijachoka na nyumba. Nimechoka kungoja treni ambayo hakuna aliyesema inakuja."

Elifadhili alitazama mlango. Alitamani kuinuka atembee, aende dirishani, arudi, miguu ilimwasha. Akajizuia, akabaki amekaa. Alisema ule ulikuwa ndio mkao mgumu kuliko yote aliyowahi kukaa.

Kesho yake alfajiri alishuka, akauokota ufagio wa chelewa kwenye tope la namba moja, akausuuza, akaanza kutoka chini kwenda juu. Hakuwa na ustadi. Alitifua tope badala ya kulitoa, akarudia. Watu walitoka kwenda kazini, wakamkuta, wakaona haya, wakapita pembeni. Wa kwanza kusimama alikuwa Mama Bupe. Alishuka na ndoo ya maji na sabuni, hakusema neno, akamwaga, wakafagia pamoja ngazi yote ya ghorofa ya tatu. Walipomaliza ndipo alipofungua mdomo: "Barua zako nimezihifadhi zote. Utaniambia nizipeleke wapi." Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

Jumamosi ikafika. Elifadhili alikuwa amesahau kwamba ndiyo siku ya mnunuzi. Au labda hakuwa amesahau, hata yeye hakuwa na hakika. Alikuwa kwenye ngazi ya ghorofa ya pili, suruali kaikunja, anafagia. Bi Siwema alikuwa ametolewa nje apate hewa, amekaa mlangoni pa namba sita, mguu ameunyosha juu ya kigoda. Mnunuzi akapanda peke yake, kwa sababu Chande alikuwa chini anazungumza na simu. Alikuwa bwana wa makamo, nadhifu, mwenye haraka.

"Wewe mfagiaji," akasema, "mwenye nyumba namba sita yuko wapi?"

Elifadhili akainua kichwa. Miaka mitatu alikuwa amelisema jibu la swali hilo kwa kila mtu, hata kwa wasiouliza. Siku hiyo aliulizwa, na halikumtoka. Aliushika ufagio tu.

"Ndiye huyo," Bi Siwema akasema kutoka mlangoni.

Yule bwana akamtazama Elifadhili kuanzia miguuni. "Huyu? Bibi, huyu si mfagia ngazi?"

"Mfagia ngazi ndiye mwenye nyumba," Bi Siwema akajibu. Hakuwa anatunga msemo. Alikuwa anamwelekeza mgeni.

Bwana yule akacheka akidhani ni mzaha. Elifadhili hakucheka. Aliniambia kwamba maneno yale yalimwingia kama ufunguo unaoingia kwenye kufuli lake. Alisikia kitu ndani kikigeuka. Akaegemeza ufagio ukutani, akafuta mikono.

"Ni kweli, ndugu yangu, ni mimi," akasema. "Unisamehe, nimekusumbua bure. Nyumba haiuzwi."

Chande akafika akihema, akasikia neno la mwisho. "Haiuzwi? Mzee Mkwizu, tumezunguka miaka mitatu! Mbezi, Kigamboni, Tabata! Haiuzwi tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

Chande alishuka akilalamika, na huko mjini alisimulia kisa kile kila mahali anapokaa dalali na dalali mwenzake: jinsi biashara yake ilivyoharibiwa na bibi mwenye goti bovu kwa maneno matano. Aliyasimulia kwa uchungu, lakini watu waliyapenda maneno. Yakatembea. Kuna siku niliyasikia Magomeni, kwa mtu ambaye hajui hata jengo letu lilipo.

Msidhani Elifadhili aligeuka malaika. Jumamosi nyingine bado alivaa viatu, akafika getini, akasimama pale akitazama huku na huku kama aliyesahau alikotaka kwenda. Kisha alirudi. Kinu cha juu kilimkera mpaka mwisho. Lakini alikaa. Alikaa miaka kumi na saba katika namba sita, na kila aliyehamia humu katika miaka hiyo alimkuta kwenye ngazi. Bi Siwema alirudi kwake chumba kilipokauka, na tukamjengea kizingiti cha kuzuia maji. Hakuweza tena kupanda mpaka paani, kwa hiyo alimwuliza Elifadhili kila asubuhi huko juu amekuta nini, naye alimwambia.

Mzee Pazi akaishia hapo. Tausi alikuwa amemshika mumewe mkono. Shomvi alikuwa ametazama chini. Kisha akauliza.

"Na wewe, Mzee, siku ile ya mvua ulikuwa wapi? Namba nne si ghorofa ya kwanza?"

"Ghorofa ya kwanza," Mzee Pazi akasema. "Nilikuwa mlangoni kwangu, na ufagio, nasukuma maji kwa nguvu zangu zote. Sikutazama mbele. Lile wimbi lililompiga mwenzangu kifuani, na bibi wa watu mgongoni, lilikuwa la kwangu."

Aliinuka, nao wakainuka, akavichukua viti vitatu akavirudisha juu ya vingine.

"Kwa hiyo, wanangu, mkisikia tunalitamka lile neno mkutanini, msidhani tunawasuta nyinyi wageni. Tunajikumbusha wenyewe. Hati ninayo, iko kabatini, na siku ile ilikuwa kabatini vilevile, kavu kabisa. Mfagia ngazi ndiye mwenye nyumba."